Sanaa ya Studio na Historia ya Sanaa: Je, Nichague Moja au Nisome Zote Mbili?

Msomaji mmoja ameniandikia swali ambalo nalifupisha hivi. Amepata nafasi ya kusoma sanaa chuo kikuu, na sasa anatakiwa aseme kama atajiandikisha katika sanaa ya studio, ambako watu huchora, huchonga, hufinyanga na kuchapa, au katika historia ya sanaa, ambako husoma na kuandika kuhusu kazi za wengine. Chuo kinaruhusu kuchukua zote mbili, na yeye anazitaka zote, lakini ana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba vitabu vitamla saa za kuchora, hata atoke chuoni akiwa nusu mchoraji na nusu mwanahistoria. Ya pili, ambayo anasema anaona haya kuieleza, ni kwamba akishawajua vizuri wakubwa waliomtangulia, mkono wake utaingiwa na woga, na kila mstari atakaouchora utamkumbusha mtu aliyeuchora vizuri zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba uzisome zote mbili, ila usizigawe nusu kwa nusu kwa miaka yote. Miaka miwili ya mwanzo ziache zichanganyike. Ukifika mwaka wa tatu, moja iwe ndiyo inayoongoza na nyingine iitumikie. Nimefundisha darasani na nimekaa karakanani muda wa kutosha kuamini kwamba fani hizi mbili zinafundisha jambo moja, yaani kutazama, na kwamba anayejifunza kutazama kwa njia moja tu hubaki na pengo ambalo huligundua akiwa amechelewa.

Kutenganishwa kwa fani hizi si kwa zamani sana. Giorgio Vasari, ambaye maandishi yake ya mwaka 1550 kuhusu maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo wa Italia huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa historia ya sanaa barani Ulaya, alikuwa mwenyewe mchoraji na msanifu majengo, na kabla ya kusimulia maisha ya mtu yeyote alitanguliza maelezo marefu ya namna kazi zinavyotengenezwa. Mwaka 1563 yeye huyohuyo alikuwa nguzo ya kuanzishwa kwa akademia ya sanaa mjini Florence. Ilikuwa baadaye, hasa kuanzia Johann Joachim Winckelmann na maandishi yake ya mwaka 1764 kuhusu sanaa ya kale, kisha katika vyuo vikuu vya nchi zinazozungumza Kijerumani katika karne ya 19, ndipo mwanahistoria wa sanaa alipokuwa mtu wa maktaba na ukumbi wa mihadhara. Heinrich Wölfflin, aliyefundisha Basel, Berlin na Munich, aliwazoesha wanafunzi kutazama picha mbili zilizomulikwa ukutani kwa pamoja na kuzilinganisha, na mtindo huo unaendelea madarasani hadi leo. Ni mtindo mzuri, na utakunoa jicho. Hata hivyo una udhaifu mmoja mkubwa: katika mwanga wa projekta, picha ya ukutani yenye upana wa mita kumi na mchoro mdogo kama kiganja huwa na ukubwa uleule, na kila kitu, kiwe cha mawe, nta, shaba au nyuzi, hugeuka kuwa mwanga tu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika vitu hivyo husahau haraka kwamba alichokiona ni kivuli cha kitu.

Nikupe mifano miwili ya kile ambacho mkono huliongezea jicho. Wa kwanza ni michoro ya ukutani inayopakwa juu ya lipu mbichi ya chokaa. Chokaa iliyozimwa inapokauka huvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kugeuka tena kuwa kalisi kaboneti, yaani kitu kilekile cha jiwe la chokaa, na rangi iliyopakwa ikiwa bado mbichi hufungwa ndani ya jiwe hilo. Kwa hiyo mchoraji hawezi kupaka lipu ukuta mzima. Hupaka kiasi anachoweza kukimaliza kabla hakijakauka, na kesho yake huanza kipande kingine kando yake. Vipande hivyo vya siku mojamoja huacha viungo vyembamba, na kwa kuwa lipu ya leo hupanda kidogo juu ya ukingo wa lipu ya jana, mtaalamu anayetazama kwa mwanga wa ubavuni anaweza kusema ni kipande kipi kilitangulia na kazi nzima ilichukua siku ngapi. Ndivyo wataalamu walivyoweza kufuata mwendo wa Michelangelo katika dari la kanisa la Sistine, aliloanza kulichora mwaka 1508 na kulimaliza mwaka 1512. Leonardo da Vinci, alipochora Karamu ya Mwisho mjini Milan katika miaka ya mwisho ya karne ya 15, hakutaka kubanwa na saa za lipu. Alipaka rangi juu ya ukuta mkavu ili apate nafasi ya kusita, kurudi na kurekebisha, na ndani ya miongo michache kazi hiyo ilikuwa imeanza kubanduka. Mambo haya unaweza kuyasoma kwa dakika tano. Lakini ukijipakia mwenyewe lipu katika ubao mdogo, ukaona inavyoanza kukataa brashi mchana wakati uso uliokuwa ukiuchora haujaisha, utaelewa kwa nini Michelangelo alifanya haraka na kwa nini Leonardo hakukubali, na hutaandika tena kuhusu wachoraji hao kana kwamba walikuwa wanachagua kati ya mawazo matupu.

Mfano wa pili ni kazi za shaba za ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, ambazo majeshi ya Uingereza yaliziteka kwa maelfu mwaka 1897. Nyingi zilitengenezwa kwa njia ya nta. Fundi hutengeneza umbo kwa nta, mara nyingi juu ya kiini cha udongo, akachora kila unywele na kila shanga; huifunika nta hiyo kwa tabaka za udongo, huipasha moto hadi nta iyeyuke na kutoka, kisha humimina shaba iliyoyeyuka katika uwazi uliobaki. Shaba ikipoa, kalibu huvunjwa. Maana yake ni kwamba kila kipande ni cha pekee, kwa sababu nta yake imekwisha yeyuka na kalibu yake imekwisha vunjika. Na maana yake pia ni kwamba kosa dogo, hewa iliyonaswa au njia ya shaba iliyoziba, huharibu kazi ya siku nyingi bila nafasi ya kurudia. Wapo Wazungu wa wakati ule waliokataa kuamini kwamba kazi hizo zilifanywa na Waafrika. Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho mjini Berlin, aliziweka sawa na kazi bora kabisa za wachongaji wa Ulaya, na hoja yake ilikuwa ya kiufundi: alijua kumimina shaba nyembamba namna ile kunataka nini. Aliyezielewa ni yule aliyejua kazi. Nakuomba ukumbuke jambo hili kila utakapokutana na mwandishi anayesifu au kudharau kitu bila kuonyesha kwamba anafahamu kinavyotengenezwa.

Sasa upande wa pili, yaani kile ambacho historia humpa mtu wa karakana. Watu wengi hudhani ni hazina ya picha za kuiga. Kwangu mimi, faida kubwa zaidi ni kwamba historia hukuonyesha masharti yaliyo nyuma ya kile tunachokiita kipaji. Mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin, katika makala yake ya mwaka 1971, aliuliza kwa nini orodha ya wasanii wakuu haina wanawake, kisha akakataa majibu yote yanayohusu maumbile na kuelekeza kidole shuleni. Kwa karne kadhaa msingi wa elimu ya juu ya sanaa Ulaya ulikuwa kuchora mwili wa mtu aliye uchi, na wanawake walizuiwa kuingia katika darasa hilo. Bila darasa hilo mtu hakuweza kuchora picha kubwa za matukio ya kihistoria na ya kidini, ambazo ndizo zilizohesabiwa kuwa daraja la juu. Akademia ya Kifalme ya London ilipoanzishwa mwaka 1768 ilikuwa na wanawake wawili kati ya waanzilishi wake, Angelica Kauffman na Mary Moser. Hata hivyo, katika picha maarufu ya Johan Zoffany inayoonyesha wanachama wamekusanyika mbele ya modeli, yaani mtu wa kuchorwa, wanaume wamesimama na kuketi chumbani, na wanawake hao wawili wapo kama picha zilizotundikwa ukutani, kwa sababu haikuonekana kuwa adabu wao kuwemo. Mchoraji chipukizi anayeifahamu habari hii hujitazama kwa haki zaidi. Anapoona mwenzake anachora mwili wa binadamu kwa wepesi kuliko yeye, hujiuliza kwanza mwenzake amepata saa ngapi za mafunzo na modeli kabla ya kujihukumu kuwa hana kipaji.

Hapo ndipo hofu yako ya pili inapopata jibu. Woga wa kuwajua wakubwa hutokana na kuwaona wakiwa wamekamilika, wametundikwa ndani ya fremu, wakati historia ikifundishwa vizuri hukuonyesha wakihangaika, wakikosea na kuchukuliana. Mchoraji Mfaransa Édouard Manet alipochora picha ya Olympia mwaka 1863 alichukua mlalo mzima wa mwanamke kutoka kwa Titian, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 300, na hakuficha. Picasso, akiwa amepita umri wa miaka 75, alijifungia mwaka 1957 na picha moja ya Velázquez ya mwaka 1656, akatoa mfululizo wa kazi 58. Mtu huyo hakuwa na la kuthibitisha tena mbele ya yeyote, na bado alirudi kujifunza. Nimewaona wanafunzi wanaokwepa historia ili wabaki na upekee wao, na karibu wote huchora kama picha walizozizoea katika simu zao, bila kujua wameziiga kutoka wapi. Asiyejua anachokirithi hawezi kukikataa. Woga utakujia, sikatai. Huja zaidi mwaka wa pili, jicho linapokuwa limekua haraka kuliko mkono, na kila unachokifanya kinaonekana kibaya. Hali hiyo ni dalili njema ingawa inauma. Endelea kuchora ndani yake, kwa sababu mkono hulifikia jicho kwa kufanya kazi tu.

Kuhusu hofu ya kwanza, ya saa, nakubali kwamba ina msingi. Kozi ya studio hula muda kwa namna ambayo ratiba haionyeshi. Katika vyuo vingi vya Marekani, kwa mfano, kozi ya mihadhara yenye thamani ya krediti tatu, yaani vipimo vya uzito wa kozi, hukutana kwa takriban saa tatu kwa wiki, ilhali kozi ya studio yenye thamani hiyohiyo hukutana kwa takriban saa sita, na bado kazi nyingi hubaki kufanywa usiku. Historia ya sanaa nayo hudai muda wa aina nyingine: kusoma polepole, kutembelea makumbusho, na kuandika upya. Kinacholeta ajali ni kwamba zote mbili huiva wiki zilezile za mwisho wa muhula, ukiwa na maonyesho ya kazi zako siku ya Jumatatu na insha ya kurasa ishirini siku ya Jumatano. Kwa hiyo usichukue kozi mbili nzito za studio pamoja na semina mbili za kuandika katika muhula mmoja, hata mshauri wako akisema inawezekana. Kozi tatu za upande mmoja na moja ya upande wa pili hubebeka. Muhula unaofuata unaweza kugeuza.

Soma pia kwa makini aina ya shahada unayoandikishwa, kwa maana majina hufanana na maudhui hutofautiana. Katika mfumo wa Marekani shahada ya sanaa nzuri (BFA) hujaza takriban theluthi mbili ya masomo yako kwa kazi za studio na historia ya sanaa, na zilizo nyingi ni za studio. Shahada ya kawaida ya sanaa (BA) huacha nafasi kubwa zaidi ya lugha, falsafa, sayansi au chochote ukipendacho. Uingereza, shahada ya kwanza huwa kwa kawaida miaka mitatu, na wengi wanaokwenda studio hutanguliza mwaka mmoja wa msingi. Mtu anayezitaka fani zote mbili, kwa maoni yangu, hufaidika zaidi na shahada yenye nafasi, hasa akiwa bado hajajua ipi itaongoza. Ikiwa unafikiria kufika uzamivu katika historia ya sanaa, anza lugha mapema, kwani programu nyingi hutaka mtafiti asome angalau lugha moja au mbili zaidi ya ile anayoandikia, na lugha haijifunzwi kwa muhula mmoja wa dharura. Studio ina njia nyingine: katika nchi kama Marekani shahada ya uzamili ya sanaa nzuri (MFA) huhesabiwa kuwa ndiyo ya juu inayohitajika kufundishia studio chuoni.

Kagua vilevile ni historia ya nani inayofundishwa. Mwaka 1958 wanafunzi wa sanaa katika chuo cha Zaria, Nigeria, wakiwemo Uche Okeke, Demas Nwoko na Bruce Onobrakpeya, waliunda chama chao kwa sababu mtaala waliopewa ulikuwa wa Ulaya karibu mtupu. Hawakuutupa mtaala huo. Walidai kuuchanganya na sanaa za mababu zao kwa hiari na kwa utambuzi, na Okeke aliigeukia michoro ya uli ya Waigbo, ambayo wanawake walikuwa wakiichora mwilini na kutani, akaifanya msingi wa mistari yake. Tazama walivyofanya: waliuliza swali la kihistoria, na jibu lake likatokea karakanani. Ukikuta orodha ya kozi ambayo bara zima limepewa wiki moja, uliza, na ikibidi tafuta mwalimu atakayekusimamia nje ya orodha hiyo.

Umeuliza pia mwaka wa kwanza unafananaje. Upande wa studio utaanza na mazoezi ambayo yataonekana ya kitoto. Msanii Josef Albers, aliyetoka katika shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, Ujerumani, iliyofungwa mwaka 1933 na kwenda kufundisha Marekani, aliwapa wanafunzi karatasi za rangi na kuwataka waifanye rangi moja ionekane kuwa mbili. Jaribu: kata miraba miwili midogo kutoka karatasi ileile ya kijivu, uuweke mmoja juu ya karatasi nyeusi na mwingine juu ya nyeupe. Utaona kijivu cha juu ya nyeusi kimekuwa cheupe zaidi, na hutaamini macho yako mpaka uisogeze miraba ikutane. Zoezi kama hilo likikuchosha, tatizo liko katika haraka yako. Kutakuwa pia na vikao vya uhakiki, ambapo kazi yako hutundikwa na wenzako wakaizungumzia. Ushauri wangu hapo ni mmoja: nyamaza na uandike. Mwanafunzi anayejitetea hutoka na utetezi wake, na anayeandika hutoka na jinsi watu wanane walivyoisoma picha yake, jambo ambalo hawezi kulipata akiwa peke yake.

Katika upande wa historia utapewa mamia ya kazi za kukumbuka, na majina na miaka yake. Yashike, kwani bila mpangilio wa wakati huwezi kujua nani aliweza kumwona nani. Lakini uzito wa kozi uko katika kujifunza kueleza kwa maneno kile kilichopo mbele yako kabla ya kueleza maana yake. Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky alizitenganisha hatua hizo vizuri: kwanza umbo na tendo linaloonekana, kisha hadithi au alama ambayo watu wa wakati ule wangeitambua, kisha kile ambacho kazi inafichua kuhusu jamii iliyoizaa. Wanafunzi wengi hurukia hatua ya tatu. Wewe, kwa kuwa unachora, utaikaa ya kwanza kwa muda mrefu kuliko wenzako, na hiyo itakuwa nguvu yako.

Kuhusu kazi baada ya chuo nitasema kwa ufupi. Zipo njia zinazotaka upande mmoja tu, na zipo chache zinazodai pande zote mbili kwa lazima. Uhifadhi wa kazi za sanaa ndio mfano ulio wazi: programu za uzamili za fani hiyo Marekani huwataka waombaji waje na historia ya sanaa, na ushahidi wa ustadi wa mkono, na kemia, ikiwemo kemia ogania. Ikiwa sayansi haikutishi, jipe nafasi ya kuifikiria njia hiyo kabla kozi za kemia hazijakupita.

Kabla muhula haujaanza, fanya jambo moja. Profesa Jennifer Roberts wa Chuo Kikuu cha Harvard huwataka wanafunzi wake wakae mbele ya kazi moja ya sanaa kwa saa tatu kamili kabla ya kuiandikia, na wengi huanza kwa kulalamika. Chagua kazi moja unayoweza kuifikia kwa miguu yako, iwe picha, sanamu, chungu au kitambaa chenye nakshi, maadamu imetengenezwa kwa mkono na unaweza kuisogelea. Saa ya kwanza ichore. Saa ya pili weka penseli ya kuchorea kando na uandike unachokiona, bila kusoma kibandiko wala kutafuta habari zake. Saa ya tatu ichore upya katika karatasi nyingine bila kuutazama mchoro wa kwanza. Kisha ilaze michoro miwili kando kwa kando na ukague ni wapi mchoro wa pili umebadilika kwa sababu ya sentensi uliyoiandika, na ni sentensi ipi usingeiandika kama mkono haungekuwa umepita hapo kwanza. Sehemu hizo zizungushie duara, uandike tarehe, na uipeleke karatasi hiyo kwa mshauri wako siku mtakapokaa kupanga kozi za muhula wa kwanza.